Mali bila daftari, na daftari bila mali

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni wiki hii. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji waliokosa kuyasikia, na wale wanaopenda kuyaweka karibu na meza ya kazi.)

Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari. Usemi huu umebandikwa kwenye kuta za maduka mengi, na walimu wa biashara wameufundisha kizazi hadi kizazi. Leo naomba tuutazame kwa upande wake wa pili, upande ambao wazee hawakuusema kwa sababu hawakuwa na kompyuta. Upande huo ni daftari bila mali.

Nilikuwa Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, mji uliokaa chini ya Mlima Hanang katika barabara inayotoka Singida kwenda Babati. Nilikwenda kumtembelea ndugu yangu anayefanya kazi katika taasisi moja ambayo sitaitaja. Taasisi hiyo ina magari machache, jenereta na karakana ndogo, na imeweka programu ya ununuzi kwenye kompyuta zake. Siku niliyofika ilikuwa siku ya kuhesabu stoo.

Mkaguzi wa ndani, kijana mwenye adabu zake, alikuwa amekaa kwenye boksi na kompyuta mpakato juu ya magoti. Mtunza stoo, mama wa makamo, alikuwa amesimama mbele yake na funguo mkononi.

"Mama, kompyuta inasema filta za oili hazipo. Sifuri."

"Mwanangu, hebu geuka nyuma."

Kijana akageuka. Filta zilikuwa juu ya rafu, zimepangwa vizuri. Wakahesabu pamoja: 31.

"Haya, tuendelee. Hapa kuna matengenezo ya gari. Yako tisa, thamani yake shilingi 2,700,000. Yako wapi?"

Mama akamtazama kwa muda. "Baba, matengenezo ya gari mimi nayaweka kwenye rafu ipi?"

Waliokuwepo wakacheka. Yeye hakucheka. Wiki mbili kabla alikuwa amepewa barua ya kutakiwa ajieleze. Barua ilimtaka aeleze mahali zilipo bidhaa tisa zenye namba fulani, thamani shilingi 2,700,000, alizozipokea kwa saini yake na ambazo hakuna hati inayoonyesha kuwa amezitoa. Barua haikutaja jina la bidhaa, namba tu. Mama yule alikuwa ametafuta stoo nzima, boksi kwa boksi, kitu ambacho hakijawahi kuwa kitu.

Ndugu msikilizaji, hakuna aliyeiba. Kosa lilikuwa alama moja ndogo kwenye kompyuta, iliyowekwa siku ya kwanza na mtu aliyekuwa na haraka. Na kwa kuwa siku hizi shule, hospitali, maduka ya pembejeo na halmashauri zetu zinatumia programu za namna hii, nimeona tuizungumze alama hiyo kwa kirefu.

MILANGO MIWILI

Kila programu ya ununuzi ina orodha ya bidhaa, na kila bidhaa ina kadi yake. Unapofungua kadi mpya, programu inakuuliza jina, namba, kipimo na bei. Kisha inauliza swali ambalo wengi hulipita bila kulisoma: hii ni bidhaa ya stoo, au si ya stoo?

Lichukulie kama swali la milango miwili. Bidhaa ya stoo inapita mlango wa stoo. Inapokelewa, inahesabiwa, inalala rafuni, na siku ya kutoka inatoka kwa hati ya kutolea mali. Bidhaa isiyo ya stoo haiingii mlango huo. Ikifika getini inakwenda moja kwa moja kwa aliyeiomba, ikatumike. Shada la maua la mazishi ya mfanyakazi ni mfano. Chakula cha mkutano wa siku moja ni mfano mwingine. Na huduma, kama matengenezo ya gari au kupiga rangi ofisi, haina hata kitu cha kupitisha mlangoni. Kinachokuja ni ankara tu.

Programu haijui filta ni nini wala matengenezo ni nini. Inajua alama tu. Ukiiambia matengenezo ni bidhaa ya stoo, itayapokea, itayahesabu, itayapa thamani na itakudai uyaonyeshe. Ukiiambia filta si ya stoo, utaingiza filta elfu moja nayo itasema haijaona hata moja.

Sasa tutazame hesabu, maana hapo ndipo fedha ilipo.

Taasisi ile ilinunua filta 40 kwa shilingi 15,000 kila moja, jumla shilingi 600,000. Kama kadi ya filta ingekuwa ya stoo, siku ya kupokea ile 600,000 ingeandikwa kuwa ni mali iliyoko stoo, siyo matumizi. Filta tisa zilipotoka kwenda karakana, shilingi 135,000 ndizo zingehesabiwa kuwa matumizi, na zile 31 zilizobaki zingeendelea kusomeka kama mali ya shilingi 465,000. Lakini kadi ilisema si ya stoo. Kwa hiyo 600,000 yote iliandikwa kuwa imetumika siku ile ile, na filta 31 zikabaki rafuni kama yatima. Mtu mwenye tamaa angeweza kuzibeba zote, na kompyuta isingeuliza lolote. Hiyo ndiyo mali bila daftari.

Matengenezo yalikwenda kinyume. Gari zilikwenda gereji mara tisa, kila mara shilingi 300,000. Fedha ilitoka kweli, fundi alilipwa kweli. Lakini kwa kuwa kadi ilisema ni bidhaa ya stoo, 2,700,000 haikuandikwa kuwa matumizi. Iliandikwa kuwa ni mali, imelala rafuni. Hiyo ndiyo daftari bila mali.

Ukiyaweka makosa hayo mawili pamoja, utaona kwamba vitabu vilionyesha matumizi ya shilingi 600,000, wakati matumizi ya kweli yalikuwa 2,835,000. Meneja alikuwa anasoma taarifa inayomwambia mambo ni mazuri kuliko yalivyo kwa shilingi 2,235,000. Kwa taasisi ya Katesh hiyo si fedha ya kupotezea macho.

SAINI YA MAMA ILIFIKAJE PALE

Huenda unajiuliza: kama matengenezo hayapokelewi, mama yule aliyapokeaje kwa saini yake?

Jibu liko kwenye utaratibu wa malipo, na ni utaratibu mzuri. Mhasibu hulipa pale karatasi tatu zinapokubaliana: hati ya kuagizia, ambayo wengi tunaiita LPO, hati ya kupokelea mali, na ankara ya muuzaji. Programu nayo inalinda mlango huo huo. Bidhaa ikiwa ya stoo, programu haimruhusu mhasibu alipe mpaka stoo iseme imepokea.

Fundi wa gereji alikuja kudai fedha yake. Mhasibu akafungua kompyuta, ikakataa: haijapokelewa. Fundi akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Mwishowe mtu akamwambia mama: "Mama, tusaidie, bonyeza tu hapo upokee, fundi alipwe." Akabonyeza. Mara ya pili ikawa kawaida, na mara ya tisa hakuna aliyekumbuka kwamba kulikuwa na kosa. Miezi ilipopita, zile saini tisa za msaada zikageuka ushahidi dhidi yake.

Hapa kuna funzo kwa kila mfanyakazi. Programu inapokataa kitu, mara nyingi inakuonyesha kwamba kuna kitu hakikuwekwa sawasawa huko nyuma. Ukitafuta njia ya kuizunguka, kosa halifi. Linakungoja mbele ya safari, likiwa na jina lako.

DALILI ZA UGONJWA

Mganga mzuri huuliza dalili kabla ya kutoa dawa. Dalili za kadi iliyowekwa vibaya ni hizi.

Bidhaa unaiona rafuni kwa macho, lakini kompyuta inasema sifuri, na sifuri hiyo haibadiliki hata ukinunua tena. Hiyo ni bidhaa ya stoo iliyoandikwa si ya stoo.

Bidhaa ambayo salio lake linapanda tu, mwezi hadi mwezi, wala halishuki. Mara nyingi hiyo ni huduma iliyoandikwa kuwa bidhaa ya stoo.

Programu haikupi onyo kwamba kitu kinakaribia kwisha, ingawa uliweka kiwango cha kuagizia. Kwa bidhaa isiyo ya stoo, kiwango hicho ni maandishi tu; kompyuta haiwezi kukuonya kwisha kwa kitu ambacho haikihesabu. Wakulima wa ngano wa Basotu na vijiji vya jirani wanaelewa maana yake. Mkanda wa kombaini ukikatika katikati ya mavuno na stoo hakuna mwingine, ngano haitangoja mpaka basi la Arusha lifike.

Ankara inakaa mezani wiki nzima kwa sababu "haijapokelewa", na ukiuliza ni ya nini unaambiwa ni ya kuzibua choo.

Na dalili ya mwisho ni salio lililo chini ya sifuri. Hii inahitaji uangalifu, maana siyo kila mara kosa ni la alama. Huenda hati ya kutolea iliingizwa kabla ya hati ya kupokelea. Huenda pia mzigo ulipokelewa kwa katoni na kutolewa kwa kimoja kimoja, katoni moja ikahesabiwa kuwa kitu kimoja. Makosa hayo yanafanana na kosa letu kwa sura, lakini dawa yake ni nyingine.

NAMNA YA KULITAFUTA KOSA

Ukiona dalili mojawapo, usikimbilie kubadili namba kwenye kompyuta ili zifanane na rafu. Ukifanya hivyo utakuwa umefuta nyayo kabla ya kumjua aliyepita. Fuata njia hii.

Kwanza, hesabu rafu kwa mkono, watu wawili, na muandike kwenye karatasi muisaini. Hiyo ndiyo nguzo ya kila kitu kitakachofuata.

Pili, fungua kadi ya bidhaa na usome aina yake. Usiamini kumbukumbu ya mtu. Programu nyingi zinaonyesha pia kadi ilifunguliwa lini na nani.

Tatu, tafuta kama bidhaa hiyo ina kadi zaidi ya moja. Hili ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Mmoja aliandika "filta ya oili", mwingine "oili filta", wa tatu akaandika namba ya kiwandani. Moja ni ya stoo, nyingine siyo. Mzigo unaingia kwa kadi hii na kutoka kwa kadi ile.

Nne, fungua LPO yenyewe, mstari kwa mstari. Watu wengi wanakosea hapa. Katika programu nyingi kadi inaweza kuwa sahihi, lakini aliyeandika LPO akachagua kwamba gharama iende moja kwa moja kwa idara fulani. Kwa LPO hiyo, bidhaa ya stoo inatendewa kama isiyo ya stoo. Tena, LPO iliyoandikwa kabla ya kadi kurekebishwa mara nyingi inabaki na alama ya zamani. Unaweza kusahihisha kadi leo, ukashangaa kesho mzigo wa LPO ya mwezi uliopita unaingia kwa njia ya zamani.

Tano, tazama mapokezi. Je, mzigo ulipokelewa kwenye programu, au mhasibu alilipa ankara tu na stoo ikabaki na karatasi ya dereva? Kama haukupokelewa, usiilaumu kadi. Mlaumu aliyeruka hatua.

NAMNA YA KULIREKEBISHA

Ukishalijua kosa, unaweza kudhani dawa ni kufungua kadi na kubadili alama. Jaribu, na mara nyingi programu itakataa. Zipo programu, kama Odoo, zinazozuia kubadili aina ya bidhaa ambayo imekwisha kununuliwa au kutolewa. QuickBooks ya kwenye kompyuta inakuruhusu kuifanya bidhaa isiyo ya stoo iwe ya stoo, lakini haikuruhusu kurudi nyuma. Huu si ukaidi wa mashine. Kama alama ingebadilishwa ovyo, hesabu za nyuma zingekosa maana: kitu kilichokwisha kuandikwa kuwa matumizi kingefufuka kuwa mali bila mtu kueleza kimetoka wapi.

Njia salama ni kufungua kadi mpya yenye aina sahihi na jina linaloeleweka. Kamilisha au funga LPO zote zilizo wazi kwenye kadi ya zamani. Kisha ondoa salio la kadi ya zamani kwa hati ya marekebisho yenye sababu iliyoandikwa na saini mbili, ingiza kwenye kadi mpya idadi mliyoihesabu rafuni, na ifungie kadi ya zamani isiagiziwe tena. Usiifute, maana mkaguzi ataitafuta.

Upande wa fedha, mwite mhasibu kabla hujabonyeza. Zile filta 31 zilikwisha kuandikwa kuwa matumizi. Zikiingizwa stoo kwa shilingi 465,000, ni lazima matumizi yapunguzwe kwa kiasi hicho hicho, yabaki 135,000. Zikiingizwa hivi hivi, itaonekana taasisi imeokota mali. Kadhalika ile 2,700,000 ya matengenezo itolewe stoo na kupelekwa kwenye fungu la matengenezo, ambako ingekuwa tangu mwanzo. Na kama mwaka wa fedha umekwisha kufungwa, jambo hilo liandikwe kwa barua na mkaguzi alijue, lisimalizwe kwa kunong'onezana ofisini.

Lakini bora kinga kuliko tiba. Kabla ya kufungua kadi, jiulize maswali matatu. Je, kitu hiki kitalala hapa kabla ya kutumika? Je, kitagawiwa kwa watu au idara zaidi ya moja? Je, kikikosekana kazi itasimama? Ukijibu ndiyo, hata kwa moja, kitu hicho ni cha stoo au angalau kinastahili kuhesabiwa. Ukijibu hapana kwa yote matatu, kipeleke kwa aliyekiomba.

Vitu vidogo kama kalamu na sabuni, taasisi nyingi huviandika matumizi moja kwa moja ili kupunguza kazi, na hilo si kosa, mradi kadi ya karatasi ibaki kwenye rafu. Ama dawati, kompyuta na pikipiki, hivyo si vya kundi hili wala lile. Vina daftari lake, la mali za kudumu.

PALE INAPOKUWA DAWA

Ndugu msikilizaji, filta inaweza kusubiri. Dawa haisubiri.

Bohari ya Dawa, MSD, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na hospitali, vituo vya afya na zahanati za umma huagiza kwake. Kwa pale ambapo Bohari haina kitu kilichoombwa, ulianzishwa mfumo wa mshitiri, unaojulikana kama Jazia. Ulianza mkoani Dodoma mwaka 2014, na kufikia mwaka 2018 ulikuwa umepelekwa katika mikoa yote ya Tanzania Bara. Ni mpango mzuri. Lakini unamaanisha kwamba dawa ile ile inaweza kuingia kituoni kwa milango miwili, na daftari lazima liione milango yote miwili.

Hatari inakuja pale mtu anaposema: "Hii tumenunua mara moja tu kwa dharura, iandike si ya stoo." Hesabu ya matumizi ya dawa huanza na salio la mwanzo wa kipindi, unaongeza zilizopokelewa, unatoa zilizobaki mwisho, ukizingatia zilizoharibika. Tuseme kituo kilianza na pakiti 100, kikapokea 200 kutoka kwa mshitiri, na mwisho kikabaki na 60. Wagonjwa wametumia pakiti 240. Lakini kama zile 200 ziliandikwa si za stoo, hesabu itasema 100 kutoa 60, yaani 40. Oda inayofuata itatengenezwa kwa kufuata 40. Kituo kilichotumia 240 kitaagiza kama kilichotumia 40, na mzazi aliyetembea kutoka kijijini na mtoto mgongoni ataambiwa dawa zimekwisha. Atadhani zimeuzwa. Kumbe wakati mwingine ni alama tu.

Sisemi kwamba hakuna wezi. Wapo, na alama iliyowekwa vibaya ni rafiki yao mkubwa, maana inawapa vitu visivyohesabiwa na pia kisingizio cha kusema kompyuta imekosea. Hiyo ni sababu nyingine ya kuisahihisha.

MSAADA HAUNA LPO

Nimalizie kwa jambo linaloihusu Katesh yenyewe. Tarehe 3 Desemba 2023, matope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufikia mji huo na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na nyumba na maduka yalifukiwa. Misaada ikatoka pande nyingi za nchi: vyakula, mablanketi, magodoro, nguo, dawa.

Msaada ni mali iliyofika bila kununuliwa. Hauna LPO, hauna ankara, hauna bei. Programu ya ununuzi imezoea mlango mmoja tu, mlango wa manunuzi, kwa hiyo aliyeko stoo anaweza kuona ni rahisi kuuacha nje kabisa. La hasha. Blanketi la msaada linalala rafuni kama blanketi la kununua, linagawiwa kwa watu wengi, na likikosekana mtu analala kwenye baridi. Ukiliuliza yale maswali matatu, linajibu ndiyo kwa yote. Liandikwe ya stoo, lipokelewe kwa hati isiyo na LPO, thamani yake ikadiriwe au iwekwe kwa utaratibu utakaokubaliwa na mhasibu, na litoke kwa hati yenye jina la aliyepokea. Ni vema kila wilaya ikawa na kadi hizo tayari kabla ya siku ya maafa, kwa sababu siku ya maafa hakuna mwenye nafasi ya kusoma swali la kompyuta.

Serikali nayo imeingia kwenye mitandao. Tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma umehamia kwenye mfumo wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS. Hiyo ni hatua kubwa katika kumpata muuzaji kwa uwazi. Lakini mzigo ukishafika getini, rafu inabaki kuwa rafu, na kuihesabu ni kazi ya binadamu.

Kwa viongozi wa taasisi ninaomba mambo mawili. Kwanza, kazi ya kufungua kadi za bidhaa msimpe kijana wa mafunzo kwa vitendo aimalize kwa siku mbili, kama ilivyofanyika pale Katesh, ambako kijana alipofika kwenye swali la aina ya bidhaa aliacha kila kadi kama programu ilivyopendekeza kwenye ukurasa aliokuwa nao. Wakae pamoja mtunza stoo, mhasibu na afisa ugavi, wapitie kadi moja moja. Pili, kabla ya kumwandikia mtu barua ya kujieleza, fungueni kadi ya bidhaa. Na barua ikiandikwa, itaje jina la bidhaa, siyo namba peke yake. Kama barua ya mama yule ingeandikwa "matengenezo ya gari", isingetoka hata kwenye ofisi ya masijala.

Mama yule alipata barua ya pili, inayofuta ya kwanza. Alinionyesha zote mbili, zimekunjwa pamoja ndani ya bahasha moja. Nilimuuliza kwa nini ameitunza ile ya kwanza ilhali imefutwa.

"Mwanangu," akasema, "hiyo nayo ni hati ya kupokelea."